Ukuta Uliobomolewa: Kuzisoma Upya Shajara za Mwisho za David Livingstone

Kuna vitabu ambavyo sisi wahubiri huvitaja mara nyingi kuliko tunavyovisoma. Kimojawapo ni Last Journals cha David Livingstone, yaani shajara zake za mwisho, kilichochapishwa London mwaka 1874 katika juzuu mbili, mwandishi akiwa amekwisha kufa, chini ya uhariri wa rafiki yake Horace Waller. Katika mahubiri yetu, hasa yale ya kuwaaga wastaafu na ya kuwazika watumishi, kitabu hiki kizima kimebaki picha moja: mzee mgonjwa aliyekutwa alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa akiomba. Kisha picha hiyo huambatanishwa na fundisho, kwamba mtumishi wa kweli haachi kazi kwa sababu ya ugonjwa, wala haombi kupunguziwa.

Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba fundisho hilo halimo kitabuni. Kikisomwa kwa utaratibu, kitabu chenyewe chaeleza jambo lililo karibu kuwa kinyume chake: kwamba mgonjwa wa kudumu aliendelea na kazi kwa sababu watu waliomzunguka waliigeuza kazi ili imfae, siku kwa siku, kadiri mwili wake ulivyopungua. Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Wako wainjilisti, walimu wa shule zetu, wauguzi wa zahanati zetu, na wachungaji wenzetu, wanaoishi na kisukari, shinikizo la damu, selimundu, kifafa au virusi vya UKIMWI, na ambao huificha hali hiyo mbele ya mwajiri wao kwa kuogopa kuonekana dhaifu wa imani. Hofu hiyo wameipata kwa sehemu katika mahubiri yetu wenyewe.

Tumechagua kukisoma kitabu hiki kutoka Kaole. Kijiji hicho kiko kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, na wageni hukijua kwa magofu ya misikiti yake miwili na kwa makaburi yake ya nguzo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ni kutoka Kaole ambako Richard Burton na John Hanning Speke walianza safari yao ya kwenda bara mwezi Juni 1857, safari ambayo Burton aliisimulia katika The Lake Regions of Central Africa, kitabu cha mwaka 1860. Na ni katika ufuko uo huo, huko Bagamoyo, ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa mwezi Februari 1874, ukalazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mnara wa kanisa lao la kale waitwa hata leo kwa jina lake. Hivyo kitabu kimoja chaanzia hapo na kingine chaishia hapo, na vyote viwili ni habari za watu wagonjwa waliokuwa kazini.

Tuanze kwa ufupi na Burton, kwa kuwa yeye atusaidia kupima. Mwezi Januari 1858, baada ya kupita Tabora, miguu yake ilikufa ganzi kwa homa, na kwa miezi mingi hakuweza kutembea kama mtu mzima. Speke naye aliugua macho. Walipoufikia ufuko wa Ziwa Tanganyika mwezi Februari, wa kwanza alikuwa amebebwa kwa machela, na wa pili aliliona ziwa kama kwa ukungu. Burton hauonei haya mwili wake. Auandika kwa uwazi ambao Livingstone hakuwa nao, na katika hilo anastahili sifa. Lakini msomaji akitafuta waliombeba, atawakuta katika sehemu moja tu ya masimulizi, nayo ni ya manung'uniko: wanachelewa, wanadai, wanagombana, wanatoroka. Mtu aliyebebwa na wenzake kwa majuma mengi aweza kuandika juzuu mbili bila kutambua kwamba kubebwa huko kulikuwa sehemu ya kazi yake. Hapo ndipo twaona upungufu mkubwa wa kitabu kile, licha ya elimu yake nyingi.

Livingstone ni habari nyingine, ingawa si kwa sababu zile zinazotajwa mimbarani. Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Mwezi Januari 1867 sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na watoro, na tangu hapo alikuwa mtu mwenye homa za mara kwa mara, kuhara damu, na kutokwa damu kusikokoma. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfungia Bambare, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kwa majuma mengi. Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871 alimshauri arudi kwao akatibiwe, akakataa. Kukataa huko ndiko tunakokuhubiri. Hatuhubiri kilichofuata: Stanley alishuka Bagamoyo mwezi Mei 1872, na kutoka Unguja wakapelekwa watu zaidi ya hamsini wa kumhudumia mzee yule. Livingstone aliwangoja karibu na Tabora hadi mwezi Agosti, wala hakuondoka kabla hawajafika. Ustahimilivu wake, basi, ulikuwa na orodha ya majina na mishahara.

Sehemu iliyo bora kuliko zote katika kitabu, kwa maoni yetu, ni ile ya mwezi Aprili 1873 katika mabwawa ya Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua zilikuwa nyingi na mgonjwa alikuwa akitokwa damu. Mwanzoni alipanda punda, na penye maji mengi watu walimchukua mabegani. Tarehe 21 alijaribu tena kupanda punda akaanguka, na Chuma akamrudisha kijijini amembeba mgongoni. Siku iliyofuata wale watu walitengeneza kitanda cha kuchukulia: miti miwili mirefu ya pembeni, vijiti vya kukingamisha, majani ya kulalia, blanketi juu yake, mti mmoja wa kuning'iniza kitanda chote, na blanketi la pili la kumkinga jua. Walikibeba kwa zamu. Mwendo wa siku ulifupishwa, vituo vikaongezwa. Katika shajara yenyewe, siku hizo hazina maneno. Livingstone aliandika tarehe, na baada ya tarehe hakuna kitu, hata ilipofika tarehe 27, alipoandika sentensi zake chache za mwisho.

Ikumbukwe kwamba mambo hayo ya kitanda hayakuandikwa na Livingstone. Mkono wake ulikuwa umechoka. Waller aliyapata kwa Abdullah Susi na James Chuma, ambao waliletwa Uingereza mwaka 1874 wakakaa naye wakati wa kuhariri. Jina kamili la kitabu lawataja kama watumishi waaminifu ambao habari za mwisho zilipatikana kwao. Haliwataji kuwa watunzi. Lakini kurasa hizo zina utunzi wa aina yake. Mtu aliyewahi kumhudumia mgonjwa atazitambua mara moja, kwa kuwa zajua urefu wa mti, upana wa mlango, na mahali ambapo mwili hauwezi kuguswa bila kuumia.

Tufike sasa katika ukuta. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili msafara ulikuwa katika kijiji cha Kalunganjovu, na ilibidi kuuvuka mto. Susi alipokuja kumwandaa, Livingstone alisema hawezi kwenda hata mlangoni kilipowekwa kitanda. Akaomba ukuta wa nyumba ubomolewe upande mmoja, ili kitanda kiletwe mpaka hapo alipolala. Ukabomolewa. Kisha mtoni, alipohamishwa kutoka kitandani kwenda katika mtumbwi, Chuma aliinama ili mgonjwa amshike shingo kwa mikono miwili, kwa sababu maumivu ya kiuno hayakuruhusu ainuliwe kwa njia ya kawaida. Wengine walikuwa wametangulia kwa Chitambo kujenga kibanda. Kilipokuwa hakijamalizika mvua ilinyesha, wakamlaza chini ya upenu wa nyumba ya wenyeji hadi kibanda kilipokuwa tayari. Ndani yake wakainua kitanda kutoka unyevu wa ardhi, wakawasha moto nje, na kijana Majwara akawekwa alale karibu naye.

Haya yote yako mbele ya yale magoti. Hapangekuwa na mahali pa kupigia magoti kama watu hawa wasingejenga. Mhubiri anayeanza na magoti na kuacha upenu, mtumbwi na ukuta, amefanya kama msomaji wa Marko 2 ambaye angemhubiri mwenye kupooza na kuwasahau wale wanne walioitoboa dari ya watu. Nasi tumewasikia wahubiri wa namna hiyo pia.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusije tukatunga hekaya mpya badala ya ile ya zamani. Waller hakuwa mhariri asiye na upande. Dorothy Helly, katika uchunguzi wake wa mwaka 1987, alionyesha jinsi Waller alivyokata na kulainisha maandishi ili apatikane shujaa anayefaa kwa wasomaji wa Kiingereza na kwa vita dhidi ya biashara ya utumwa. Tangu mwaka 2011, shajara ya Livingstone ya 1871, aliyoiandika juu ya magazeti kwa wino wa kujitengenezea, imesomeka upya kwa picha za mwanga maalumu, na tofauti kati yake na kitabu kilichochapishwa zimedhihirika. Basi hatuna haki ya kuchukua kila neno la zile siku za mwisho kama ushahidi mtupu. Hata hivyo, twaona kwamba mambo ya ukuta na kitanda yana uzito wake, kwa sababu hayakuhitajiwa na hekaya. Kwa kusudi la Waller, magoti yalitosha.

Jambo la pili la kuangaliwa ni zito zaidi. Livingstone alibomolewa ukuta kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa bwana wa msafara. Mpagazi aliyeugua katika misafara ya karne ile mara nyingi aliachwa kijijini kwa posho kidogo, au bila kitu. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, ambao walibishania uzito wa mzigo, posho, na siku za kupumzika. Bagamoyo lilikuwa soko la kazi kabla halijawa mji wa makumbusho. Mtu alipouliza kwa sauti kama mzigo wake unapimika kwa mabega yake, aliuliza swali lile lile ambalo mwalimu mwenye selimundu angependa kumwuliza mkuu wa shule leo, anapopangiwa zamu ya asubuhi ya baridi au kusimamia michezo juani bila maji. Tofauti ni kwamba mpagazi aliuliza pamoja na wenzake, na mwalimu huyu yuko peke yake.

Ndani ya Last Journals mna tukio moja dogo ambalo lajibu tatizo hili, nalo karibu halitajwi na mtu yeyote. Livingstone alipokwisha kufa, na mwili wake ulipokwisha kukaushwa na kufungwa, msafara uliondoka kwa Chitambo kuelekea pwani. Baada ya siku chache tu nusu ya watu waliugua kwa maumivu makali ya viungo. Wanawake wawili walikufa. Susi mwenyewe, aliyekuwa kiongozi, alishindwa kabisa kwenda. Hapakuwa na bwana tena wa kuamuru, na safari mbele yao ilikuwa ya miezi mingi yenye hatari. Wakasimama karibu mwezi mzima, mpaka Susi alipoweza kuinuka. Hawakumwacha, wala hawakumteua mwingine na kuendelea. Kama tungeulizwa ukurasa upi wa kitabu hiki ufundishwe kwa watakaokuwa wakuu wa majimbo na wenyeviti wa mabaraza ya sharika, tungeuchagua huo kabla ya ule wa magoti.

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo ya ajira ya leo yana sheria zake, hayahitaji msafara wa 1873. Ni kweli zipo, na zinastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayosomea kitabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, yampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Ukiusoma mpango huo kama maandishi, wamwona mtu aliyekusudiwa: ni mtu aliyekuwa mzima, akaugua, akaenda nyumbani, akarudi mzima au hakurudi. Kwa malaria au mguu uliovunjika, mpango huu wafaa. Kwa maradhi ya kudumu haufai sana, maana mgonjwa wa namna hii hatafuti siku za kuwa mbali na kazi. Atafuta namna ya kuwapo: kiti mahali ambapo wenzake husimama, saa ya kula isiyokatizwa na mkutano, ruhusa ya kwenda kliniki bila kuhesabiwa mtoro, chumba cha darasa cha chini badala ya cha ghorofani, kituo kilicho karibu na hospitali badala ya kile cha mwisho wa barabara. Akipewa hayo, huenda zile siku 126 asiziguse.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zina busara zaidi. Zamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya achunguze kwanza kiasi na aina ya ugonjwa, na kama kazi yaweza kurekebishwa au mtu kupewa kazi nyingine. Huo ndio ukuta unaobomolewa, kwa lugha ya wanasheria. Ila angalia mahali ulipowekwa: mwishoni, wakati barua ya kuachishwa imekwisha kufikiriwa. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Lakini mwenye kisukari au selimundu mara nyingi hajihesabu humo, wala mwajiri hamhesabu. Anaonekana mzima mpaka siku anapoanguka. Huku pwani, ambako chembe za selimundu zimeenea kwa sababu malaria imekaa karne nyingi na mwenye kurithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi na malaria kali, watu wa namna hii si wachache. Nchini kote hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka wakiwa na ugonjwa huo, na matibabu yakizidi kuwa bora, wengi wao watafikia umri wa kuomba kazi kwetu.

Kuomba marekebisho ni kufunua siri. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo sheria hailimalizi na ambalo mahubiri yetu hulizidisha. Livingstone aliweza kusema kwamba hawezi kufika mlangoni kwa sababu aliowaambia hawakuwa na mamlaka ya kumwachisha kazi. Mwinjilisti wa usharika anayemweleza mchungaji wake jambo hilo hilo anamweleza mtu anayeandika taarifa yake ya mwaka. Akijibiwa kwa habari za mwiba wa Paulo, na kwamba neema inatosha, amefungiwa mlango kwa Andiko. Paulo mwenyewe hakumtendea Timotheo hivyo. Alijua kwamba kijana yule anaugua mara kwa mara, akampa ushauri wa tumbo lake katika waraka ule ule aliomwachia kazi ya kanisa zima, wala hakumwondolea kazi hiyo. Na katika Kutoka 17, kabla ya Haruni na Huri kuitegemeza mikono ya Musa, walimletea jiwe akalikalia.

Sisi tulio wa urithi wa Wittenberg tuna ushahidi wa karibu zaidi, na ni ajabu kwamba hatuutumii. Luther aliishi miaka mingi na maradhi ambayo hayakupona: kizunguzungu na mlio wa masikio tangu 1527, mawe ya figo yaliyokaribia kumwua huko Schmalkalden mwaka 1537. Kati ya 1532 na 1534, alipokuwa dhaifu mno kwa mimbara ya mjini, alihubiri nyumbani kwake kwa watu wa kaya yake. Wanafunzi wakaandika aliyoyasema, na Veit Dietrich akayachapa mwaka 1544. Hiyo ndiyo Hauspostille, mojawapo ya vitabu vya mahubiri vilivyosomwa sana katika makanisa yetu. Hatungekuwa nacho kama mtu yule angelazimika kuchagua kati ya mimbara ya kanisa kuu na likizo ya ugonjwa.

Kwa hiyo twapendekeza jambo la kitaaluma tu, linaloweza kufanyika katika muhula mmoja. Kurasa za Last Journals za kuanzia tarehe 10 Aprili 1873 hadi kufika kwa msafara Bagamoyo zitolewe kwa Kiswahili kwa ajili ya darasa la homiletiki, zikiwa na maelezo juu ya uhariri wa Waller, na ule ukurasa wa tarehe tupu upigwe picha uwekwe kama ulivyo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wazisome zikiwa kando ya zile kanuni za 2007 na mkataba mmoja wa kweli wa ajira ya mwinjilisti, jina likiwa limefutwa. Kisha waulizwe waonyeshe, kwa kidole, ni katika kifungu kipi cha mkataba huo mwinjilisti mgonjwa anaambiwa amwendee nani kabla hajashindwa kufika mlangoni.